Burkitt: daktari wa jicho moja aliyeufuatilia uvimbe wa taya za watoto

Mzazi wa Kibondo au Kasulu anapoona shavu la mwanawe limevimba, kitu cha kwanza anachofikiria ni jino. Mara nyingi anakuwa sahihi. Mtoto anasukutua maji ya chumvi, anapewa dawa ya maumivu, hali ikizidi anapelekwa zahanati, jino linang'olewa, mambo yanakwisha. Lakini wapo watoto wachache ambao jino likishang'olewa uvimbe hauondoki. Unakua, tena kwa kasi ya kutisha. Meno ya jirani yanaanza kucheza, na ndani ya wiki mbili tatu sura ya mtoto imebadilika. Daktari wa hospitali ya wilaya akimwona, huenda akaandika kwenye karatasi ya rufaa neno moja la kigeni: Burkitt.

Wazazi wengi hudhani hilo ni jina la ugonjwa. Kumbe ni jina la mtu, na mtu huyo aliujua uvimbe huu akiwa jirani zetu Uganda, kwa watoto waliofanana kabisa na wetu. Maisha yake yana mambo mengi ambayo mzazi wa Kigoma anayeandikiwa rufaa ya mbali angefaa kuyajua kabla hajapanda basi.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, mtu wa barabara na madaraja, ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kutazama ndege. Aliwavalisha ndege wadogo wa bustanini pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi na analinda eneo gani. Majirani huenda waliona ni mchezo wa mtu mzima asiye na kazi. Ziweke akilini ramani hizo, msomaji.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alikuwa katika ugomvi wa vikundi vya watoto, mawe yakarushwa, moja likapiga miwani yake. Vipande vya kioo viliingia jicho la kulia. Madaktari walishindwa kuliokoa, wakalitoa, na tangu hapo hadi kufa kwake alivaa jicho la bandia.

Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kung'aa. Huko alijiunga na kikundi cha wanafunzi wa sala, imani yake ikakolea, akaona kazi yake ni udaktari, akahamia kozi hiyo. Alihitimu mwaka 1935 na kufuzu upasuaji mwaka 1938. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa. Sababu ilikuwa jicho. Waliona mpasuaji mwenye jicho moja hafai kutumwa peke yake mahali pa mbali.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1941 aliingia jeshini kama daktari, akapelekwa Afrika Mashariki na baadaye Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa muuguzi, Olive Rogers, na muda si mrefu akasafiri tena kikazi na kumwacha nyumbani. Vita vilipokwisha aliomba upya, safari hii akakubaliwa, na mwaka 1946 akapangiwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa nchi. Hospitali ilikuwa na vitanda 100 hivi, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, wengine wakilala sakafuni katikati ya vitanda na chini yake. Burkitt alifanya kila aina ya kazi. Moja ya upasuaji alioufanya mara nyingi ulikuwa wa mabusha. Daktari mwingine angepasua tu na kuendelea na siku yake. Yeye aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kwamba wanaume wa mashariki ya wilaya walikuwa na mabusha kwa wingi, na wa magharibi karibu hawana. Alichora ramani, akaichapisha. Leo tunajua mabusha ya ukanda huu hutokana na minyoo ya matende inayosambazwa na mbu, kwa hiyo kulikuwa na sababu ya ugonjwa kukaa upande mmoja na kuacha mwingine. Mwana alikuwa anafanya kwa wagonjwa kile baba alichofanya kwa ndege.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, hospitali kuu ya Kampala, na huko ndiko mambo yalikotokea.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, aliyekuwa bingwa wa utapiamlo wa watoto, alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni nini. Maambukizi ya jino hayashiki pande zote nne kwa pamoja, na saratani alizozijua pia hazifanyi hivyo. Alipiga picha, akaandika maelezo, na hakuwa na dawa ya kumpa.

Huenda habari ingeishia hapo. Lakini wiki chache baadaye alikwenda hospitali ya Jinja, na akiwa anaangalia nje dirishani aliona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka nje. Alipompima aligundua kwamba mbali na taya, mtoto alikuwa na uvimbe tumboni. Kesi moja inaweza kuwa ajabu ya siku, lakini mbili zina kitu zinachosema. Alirudi Mulago akaanza kupekua mafaili ya zamani, na akakuta watoto wengi waliowahi kuletwa na uvimbe wa taya. Wengi wao walikuwa pia na uvimbe katika figo, ini, ovari au kwenye tundu la jicho. Kila daktari alikuwa ameandika jina lake: huyu saratani ya figo, yule ya jicho, mwingine ya taya. Burkitt alidai kwamba yote ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi.

Mwaka 1958 aliandika makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wachache waliijali. Wataalamu wa vipimo vya tishu pale Kampala ndio waliotambua kwamba ni saratani ya tezi na chembe za kinga ya mwili, siyo ya mfupa kama alivyodhani mwanzoni.

Tuseme kitu kuhusu wazazi hapa, maana katika vitabu vya tiba hutajwa kidogo. Mama aliyemfikisha mtoto Mulago mara nyingi alikuwa ametoka mbali, ameacha shamba na watoto wengine, haelewi lugha ya wodini. Miaka ile upasuaji haukufaa kitu. Ukikata taya upande mmoja, uvimbe unatokea upande mwingine. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Wengi wa watoto hao walikufa ndani ya miezi michache. Burkitt alikuwa mpasuaji mwenye kisu ambacho kwa ugonjwa huu hakikuwa na kazi, na nadhani hilo lilimsukuma kuliko hamu yoyote ya umaarufu. Kama huwezi kuukata, basi angalau ujue unatoka wapi.

Alirudi kwenye ramani. Kwa fedha kidogo sana alichapisha zaidi ya vipeperushi 1,000 vyenye picha za watoto waliovimba taya, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika na swali moja: je, mmewahi kuona kitu hiki, na wapi? Majibu yalipofika aliweka alama kwenye ramani ya Afrika ukutani. Alama zilijipanga zenyewe kama mkanda katikati ya bara, pande mbili za ikweta, na mkia ulioshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Mkanda huo ulikuwa na mwisho, na alitaka kuuona mwisho huo kwa jicho lake. Oktoba 1961, wakati Tanganyika ikihesabu wiki kufikia uhuru, Burkitt na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250 wakaelekea kusini. Williams alikuwa fundi hodari, na kwa gari lile ilibidi awepo mtu wa namna hiyo. Kwa wiki 10 waliendesha maili 10,000, yaani kilomita zaidi ya 16,000, wakapita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Walisimama katika hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali walifanya jambo lile lile: wanaonyesha picha, wanauliza, wanaandika. Ni utafiti wa bei rahisi kuliko mingi iliyowahi kubadilisha udaktari, na hakuna kifaa walichotumia ambacho hospitali ya wilaya leo haina.

Walichokuta ni hiki. Karibu na ikweta uvimbe haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyoshuka kusini, mpaka huo nao ulishuka. Kwa maneno mengine tatizo halikuwa urefu wa mlima bali baridi. Mahali ambapo joto la miezi ya baridi linashuka chini ya nyuzi 16, au mvua ni haba mno, ugonjwa haupo au ni nadra. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi hazikuwa nao, wakati mabonde ya joto ya Uganda yalikuwa nao kwa wingi.

Baridi, joto na mvua: ni nani anayepangiwa maisha yake na vitu hivyo? Mbu. Mtaalamu wa wadudu na virusi wa Entebbe, Alexander Haddow, alimwonyesha kwamba ramani yake ilifanana na ramani za magonjwa yanayoletwa na mbu. Baadaye macho yaliegemea malaria. Uvimbe ulikuwa mwingi mahali ambapo malaria ni kali na ya mwaka mzima, na ulikuwa nadra Zanzibar na Pemba, ambako mbu walikuwa wamepigwa vita.

Kuna jambo jingine aliloliona, na hili linagusa moja kwa moja mkoa wetu. Watu waliohama kutoka nyanda za baridi zisizo na ugonjwa wakaenda kuishi mabondeni Uganda walikuwa wakiupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Mwenyeji anaumwa na mbu tangu mchanga, kwa hiyo akiupata huupata akiwa mtoto wa miaka mitano, sita, saba. Mhamiaji anakutana na malaria akiwa amekua, kwa hiyo kijana au hata mtu mzima anaweza kuupata. Sasa tazama ramani ya Kigoma. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita, na tangu mwaka 2015 Warundi waliingia kwa makumi ya maelfu, Nyarugusu na pia Nduta wilayani Kibondo. Wengi walitoka kwenye milima ya baridi. Walikofikia, malaria ndiyo inayojaza foleni za zahanati. Utafiti wa taifa wa mwaka 2017 uliuweka mkoa wa Kigoma juu ya mikoa yote kwa watoto wenye vimelea vya malaria. Kwa hiyo mhudumu anayemwona kijana wa miaka 15 kutoka milimani, shavu limevimba ghafla, asiseme huyu amepita umri wa Burkitt.

Turudi kwa mwenyewe. Machi 1961, kabla ya safari ile, alikuwa London likizoni akatoa mhadhara. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kabla mhadhara haujaisha alijua amepata anachokitafuta. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuna kilichopatikana. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kutoka kwa msichana mdogo ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kifurushi kilipofika kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Epstein hakumwaga. Alipotazama kwa hadubini aliona chembe za saratani zimeachana na kuelea, ziko hai. Kutokana na ajali hiyo waliweza kuziotesha maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ambavyo leo huitwa Epstein-Barr.

Mzazi asiogope jina hilo. Virusi hivyo karibu kila mtu anavyo. Huambukizwa kwa mate tangu utotoni, na kwa watu wengi mno havifanyi lolote. Kinachoonekana ni kwamba malaria ya mara kwa mara huichosha kinga ya mtoto, na chembe zilizobeba virusi zikapata nafasi ya kuharibika na kuzaana ovyo. Uvimbe wenyewe hauambukizi. Mtoto mwenye Burkitt anaweza kula sahani moja na ndugu zake, na hajarogwa na mtu.

Kwamba malaria inahusika, Tanzania ilichangia ushahidi. Kati ya mwaka 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, watoto walipewa dawa ya klorokwini kwa utaratibu ili kuona kama uvimbe utapungua. Ulipungua, lakini dalili za kupungua zilikuwa zimeanza kabla ya mradi, na vimelea vikaanza kuizoea dawa. Kwa hiyo jaribio halikufunga mjadala. Hata hivyo ushahidi kutoka pande nyingine ni mkubwa, na chandarua kwa mtoto wa Kasulu kina sababu zaidi ya moja.

Sehemu ya maisha ya Burkitt ambayo ni muhimu kuliko zote kwa mzazi ni tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu kutoka New York walimletea dawa mpya za saratani wajaribu. Watoto wa Mulago walipewa, na uvimbe uliokuwa mkubwa kama chungwa ukawa unayeyuka ndani ya siku chache. Burkitt hakuwa amezoea kuona hivyo. Wakati huo nchi tajiri bado walikuwa wanabishana kama dawa peke yake inaweza kuponya saratani yoyote, na jibu lilikuwa linatoka katika wodi ya watoto ya Kampala. Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huu kilifunguliwa pale Mulago, na kutokana nacho ikazaliwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Lakini kulikuwa na tatizo lile lile tulilo nalo hadi leo. Mtoto anachomwa sindano mara moja au mbili, uso unarudi kama zamani, mzazi anaona amepona. Nyumbani kuna mvua, kuna mbegu za kupanda, kuna mtoto mchanga aliyeachwa kwa bibi. Anaondoka. Burkitt na wenzake walihangaika kuwafuata vijijini watoto waliotoweka namna hiyo, kwa sababu bila kujua mwisho wao hakuna aliyejua kama dawa inafanya kazi. Baadhi walikutwa wazima, wanakimbia. Habari hiyo ilishangaza ulimwengu wa tiba. Nasita kuisimulia, kwa sababu mzazi anaweza kuishika vibaya. Waliopona kwa dozi moja walikuwa ni bahati. Walio wengi ambao tiba yao ilikatika, uvimbe ulirudi, na uliporudi ulikuwa mbishi zaidi.

Leo tiba ni mchanganyiko wa dawa kadhaa, hutolewa kwa mizunguko kwa wiki na miezi. Mtoto anayewahi na kumaliza dozi ana nafasi nzuri ya kupona kabisa. Ndiyo moja ya saratani zinazosikia dawa kuliko nyingi. Na ndiyo moja ya zinazokua haraka kuliko zote: chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mwezi mmoja wa kusubiri mahindi yauzwe, au wa kumzungusha mtoto kwa waganga, ni muda mrefu sana kwa ugonjwa huu.

Wengi huniuliza kwa nini sindano hizo zisitolewe Kibondo, au Kabanga, au angalau Maweni pale Kigoma mjini. Swali ni la haki. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza lazima kipande cha uvimbe kichukuliwe na kusomwa na mtaalamu, kwa sababu taya huvimba kwa sababu nyingi na dawa hizi ni kali. Pili, uvimbe wa Burkitt hufa kwa kasi mno ukianza kutibiwa, na taka zake zikiingia kwenye damu zote kwa pamoja huziba figo. Siku za kwanza mtoto anahitaji maji mengi ya mishipani, vipimo vya damu kila mara, na watu wanaojua cha kufanya mkojo ukipungua. Huduma hiyo kwa mtoto wa magharibi ya nchi hupatikana Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Umbali huo unaua watoto ambao dawa ingewaponya. Nauli ya watu wawili ni jambo moja; kulala wapi na kula nini miezi miwili katika mji usio na ndugu ni jingine. Pale Muhimbili taasisi ya Tumaini la Maisha inasaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo, na ipo nyumba iitwayo Ujasiri ambako mtoto na mzazi kutoka mikoani hukaa kati ya dozi moja na nyingine. Wazazi wengi wa huku hawajawahi kuambiwa hilo, wanakataa rufaa wakidhani watadaiwa mamilioni. Kabla hujakataa, muulize daktari anayekuandikia rufaa na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Waambie ukweli kuhusu uwezo wako. Omba namba ya simu ya wodi unakokwenda, beba kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vyote na, kama kipande cha uvimbe kilichukuliwa, karatasi yake. Kwa wakimbizi kuna hatua ya ziada, kwani hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Rufaa yao hupitia zahanati ya kambi, na mzazi adai ianze siku ile ile uvimbe ulipotiliwa shaka. Mkubaliane mapema ni nani atabaki na watoto wengine. Mama anayejua nyumbani kuko salama hukaa hadi dozi ya mwisho.

Dalili za kumfanya mzazi asingoje ni uvimbe wa taya au shavu unaokua kwa wiki badala ya miezi, meno kulegea bila kuoza, jicho moja kutokeza mbele, tumbo kuvimba na kuwa gumu, au miguu kupoteza nguvu ghafla. Dalili hiyo ya mwisho husahauliwa. Uvimbe ukibana uti wa mgongo, saa zinahesabika.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na mkewe na binti zao watatu, akafanya kazi London hadi mwaka 1976. Alitunukiwa tuzo nyingi. Ajabu ni kwamba huko Ulaya alijulikana zaidi kwa jambo jingine. Alikuwa ameona katika hospitali za Afrika kwamba magonjwa kama saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, yaliyojaza wodi za Uingereza, yalikuwa haba kwa watu wa vijijini. Akaandikia tena hospitali, akauliza tena, akachora tena. Safari hii akalinganisha hata uzito wa choo cha watu wa nchi mbalimbali, jambo lililowachekesha wengi lakini yeye hakuona haya. Alihitimisha kwamba tofauti iko kwenye makapi ya chakula, yale yanayoondolewa unga ukikobolewa. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu jambo hilo kilisomwa sana. Alivuka mpaka kidogo, kwa maoni yangu, kwa kutaka makapi yaeleze karibu kila ugonjwa wa wazungu. Lakini Muha anayekula maharage yake na dona angekuwa mgeni wa heshima mezani kwake, na yule aliyehamia mjini akaanza kuona aibu kula dona ndiye aliyekuwa akimwandikia.

Alifariki dunia Machi 23, 1993, huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.